Mafundi wa London na Dari la Mama Kaur

Kabla hujafungua bomba lolote, lishike kwa kiganja na uhesabu hadi kumi. Likibaki baridi, endelea na kazi. Likianza kuwa vuguvugu, toa mkono, weka spana chini, rudi nyuma ujiulize maji hayo yanatoka wapi. Najua nyinyi vijana mna video kwenye simu zinazoonyesha kila kitu, na fundi wa kwenye video huwa haungui. Mimi niliungua. Halafu, kwa sababu sikujifunza upesi, nikamuunguza mama wa watu, na mahali nilipomuunguza sitapataja. Mtaelewa tu mbele ya safari.

Naitwa Nyambura. Nimefanya kazi ya mabomba hapa Nakuru zaidi ya miaka thelathini, hadi magoti yakaniambia sasa basi. Siku hizi nakaa Kiamunyi, na kwa vile kila kona hapa inajengwa, nashinda nikisikiliza nyundo za watu. Kwa mlio tu najua nani anajua kazi na nani anangojea saa ya chakula.

Biashara yetu ilikuwa ya familia. Baba, Mzee Gachanja, alikuwa fundi wa kila kitu: rangi, vioo, kufuli, mawe. Alipofungua karakana alimwita mchoraji amwandikie ubao wenye jina lake, kisha kwa Kizungu, "and Sons". Mchoraji alipomaliza nikamuuliza Baba, "Na mimi je?" Baba akautazama ule ubao kwa muda, akatazama mkebe wa mchoraji, akasema, "Rangi imeisha."

Na hao wana wenyewe, mmoja tu ndiye aliyemzaa. Huyo ni kaka yangu Mwangi, fundi wa stima, mtu wa maneno mengi, anayepima ukuta kwa jicho na kuapa kwamba jicho halidanganyi. Wa pili alikuwa mume wangu Kipkemoi, seremala, mtoto wa Rongai. Huyu alipima ubao mara tatu kabla ya kukata, na kwa siku nzima angeweza kusema maneno kumi, matano yakiwa vipimo. Mwangi alimwita "Redio Imezimwa." Kipkemoi hakumjibu, jambo lililozidi kulithibitisha hilo jina.

Mama Kaur alitupata kwa simu, katikati ya mwaka wa 2007. Mwangi ndiye aliyepokea.

"Nyinyi mafundi iko wapi?" sauti ya mama mzee ikauliza.

"Tuko London, mathe," Mwangi akajibu.

Tukasikia mtu akicheka upande wa pili mpaka simu ikakatika. Akapiga tena. "London kabisa?"

Kwa wasiojua Nakuru: London yetu ni mtaa, uko huko juu kwenye mteremko wa Menengai, jirani na jalala la mji. Upepo ukigeuka unajua umefika London hata ukiwa umefunga macho. Ndiko tulikokuwa tunaishi, na karakana ilikuwa huko huko.

Tulipofika kwake Milimani ndipo tukaelewa kilichomchekesha. Mama Kaur alikuwa Singasinga mjane, mfupi, nywele nyeupe, miwani imefungwa kamba shingoni. Watoto wake wote walikuwa ng'ambo. Mmoja wao, Harjit, anayeishi Leicester, alimpigia simu kila Jumapili na kumtumia kanda za vichekesho vya televisheni ya Uingereza. Na kile alichokipenda kuliko vyote kilihusu familia ya mafundi, baba na wanawe, wanaoitwa kutengeneza nyumba za watu na kuziacha zikiwa mbaya zaidi. Alikuwa amekitazama mpaka akayajua maneno kabla hayajasemwa. Halafu siku bomba lake limepasuka, anapiga simu kumtafuta fundi, anaambiwa mafundi ni familia na wanatoka London. Angekosa vipi kucheka?

Alituwekea chai ya maziwa yenye tangawizi, akavuta kiti mpaka katikati ya korido, akaketi. "Sasa anza," akasema.

Baba hakupenda. Baba alikuwa mtu wa heshima zake. Aliniambia kwa Kikuyu kwamba hatukuja kucheza sinema. Basi nikaamua kumwonyesha yule mama kwamba sisi ni mafundi wa kweli. Nyumba ile ilijengwa na baba mkwe wake kwa mawe, zamani sana, na ukutani mlikuwa na mabomba mawili yaliyofanana kama mapacha. Sikuyashika kwa mkono. Nilichagua moja kwa haraka, nikaunganisha tangi la choo, nikakaza, nikafuta jasho, nikatangaza kazi imekwisha.

Mama Kaur akaenda kukijaribu choo. Tukasikia maji yakishuka, kisha ukelele, kisha akatoka upesi kwa umri wake, mkono mmoja nyuma, mvuke ukimfuata mlangoni.

"Beti," akaniambia, yaani binti kwa Kipunjabi, "hii choo iko na homa."

Nilikuwa nimeunganisha maji ya moto. Nilitamani lile shimo la choo linimeze. Lakini yule mama aliegemea ukuta, akaanza kucheka, akacheka mpaka akateleza taratibu akakaa sakafuni, na Kipkemoi akalazimika kumnyanyua. "Hata wale ya TV," alisema akifuta macho, "hata wao hajafanya hii."

Tangu siku hiyo kila mwezi kulikuwa na kitu kilichoharibika. Koki, swichi, kitasa. Tulishangaa nyumba gani hii isiyotulia. Mpaka siku moja Kipkemoi alipoitwa kurekebisha mlango wa kabati uliolegea, akakuta skrubu zote nne zimefunguliwa vizuri na kupangwa kwenye kisahani cha chai, bisibisi kando yake. Alinionyesha bila kusema. Mimi nikamtazama Mama Kaur, amekaa kwenye kiti chake akingoja. Kipkemoi alizirudisha skrubu polepole kuliko kawaida, akachukua saa nzima kwa kazi ya dakika tano. Mkikutana na mteja wa namna hiyo, vijana, msione haraka. Kuna nyumba zinazohitaji fundi na kuna nyumba zinazohitaji watu.

Ukaja mwisho wa mwaka, uchaguzi, kisha Januari ya 2008. Sitawapeleka huko kwa muda mrefu. Wenye wazazi waulizeni, na wakinyamaza, waacheni wanyamaze. Mji ulifungwa. Majirani tuliokopeshana chumvi walianza kuulizana nani ni wa wapi. Watu walipita barabarani na magodoro kichwani, wengine wakielekea kule wenzao wanakotoka. Familia yetu ya Kikuyu ilikuwa na mume wangu Mkalenjin ndani, wakati jamii hizo mbili zinawindana, na mtaa mzima ulijua.

Asubuhi moja Kipkemoi alikuwa karakana akipiga randa ubao ambao hakuna aliyeuagiza, ili mikono ipate kazi. Mwangi akaingia, macho mekundu. Akasema, "Wewe ni mgeni hapa. Rudi kwenu."

Kipkemoi aliweka randa juu ya meza. Akaifuta vumbi kwanza, kwa sababu ndivyo anavyofanya. Akaja nyumbani, akatuaga mimi na watoto, akapata nafasi kwenye lori lililosindikizwa na askari, akaenda kwa mama yake Rongai. Mimi nilibaki. Nilimwambia kaka yangu maneno ambayo hayafai kwenye kumbukumbu za kazi.

Amani iliporudi na barabara zikafunguliwa, Kipkemoi alirudi kwangu. Lakini karakana hakurudi. Alijishughulisha na vibarua vya kutengeneza milango, kwa maana mwaka huo Nakuru ilihitaji milango mingi. Jumapili tulikula kwa Baba kama zamani, meza moja, na ilikuwa kichekesho cha uchungu. Mwangi alikuwa akiniambia, "Nyambura, mwambie huyo apitishe chumvi," na "huyo" ameketi kando yake, bega kwa bega. Nami nikimwambia Kipkemoi, naye ananiambia nimwambie Mwangi chumvi iko mbele yake.

Ndipo Mama Kaur akapiga simu. Safari hii hakucheka.

"Harjit anakuja," akasema. "Bado wiki mbili tu. Aliona Nakuru kwa TV ya huko, moto kila mahali. Anasema nyumba ni mzee, mimi ni mzee, naishi peke yangu. Amenunua tiketi ya kunichukua. Mimi nilimwambia nyumba iko sawa kabisa." Akavuta pumzi. "Sasa nyinyi kuja fanya iwe sawa."

Tulikwenda kuikagua. Masikini nyumba ile! Kwa miezi mitatu mvua na ukimya viliifanyia kazi. Dari la sebuleni lilikuwa limetumbukia katikati kama tumbo la punda. Mlango wa nyuma ulikuwa umevimba. Nyaya za stima zilikuwa za enzi ya baba mkwe. Baba alizunguka nyumba yote mikono nyuma, akarudi, akasema, "Bila seremala, huyu mama ameshakwenda Leicester."

Jioni hiyo alikuja mwenyewe nyumbani kwetu. Baba hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamwambia Kipkemoi, "Sikuiti kwa sababu ya Mwangi. Nakuita kwa sababu ya mbao."

Kipkemoi akafikiri. "Nitakuja," akasema. "Lakini sitaongea naye."

"Kwani ulikuwa unaongea lini?" Baba akauliza.

Basi tukaanza. Vijana, mafundi wawili wasioongea ni hatari kuliko waya uliochunika. Katika kazi, nusu ya maongezi ni usalama: nimezima, usiwashe, shika hapo, toa kichwa. Hawa wawili kila neno lilipitia kwangu, na mimi niko chini ya sinki. "Nyambura, mwambie huyo azime stima." "Nyambura, mwambie huyo nilishazima." Kumbe amezima ya jikoni, na mwenzake yuko sebuleni. Kipkemoi alipigwa shoti ndogo akaruka, akatua juu ya mkebe wa rangi ya Baba. Baba naye, akiwa na hasira ya rangi iliyomwagika, akapaka mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, rangi ikakauka, mlango ukagandana na fremu, na siku mbili tukawa tunatupa takataka kupitia dirishani.

Kubwa zaidi ilikuwa kengele. Mwangi alivuta waya mpya mahali ambapo Kipkemoi alikuwa amepanga kupitisha mbao. Kipkemoi, bila kusema, akausogeza. Mwangi, bila kuuliza, akauunganisha palipo karibu. Matokeo yake kila mtu alipowasha taa ya choo, kengele ya mlango wa mbele ililia. Mama Kaur alikwenda mlangoni mara saba siku ile kukaribisha wageni. Mara ya nane alikaa kitako na kutuambia, "Wacha. Ni mtu wa choo tu." Hakutaka itengenezwe upesi. Alikuwa ameanza kucheka tena, na mimi nilimwona Baba akigeuza uso ukutani ili asionekane anatabasamu.

Harjit alitarajiwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi tulikuwa tumebakiza dari tu, ukiacha ile kengele na mlango wa nyuma uliokuwa bado unagoma. Kipkemoi alikuwa huko juu gizani kati ya paa na dari, akibadilisha mhimili mmoja uliooza. Mwangi akapanda kwenda kuvuta waya wa taa. Sasa sikilizeni, hili ni la maana: juu ya dari mtu hutembea kwenye mihimili, zile mbao nene zinazobeba. Vibao vya dari vyenyewe ni kama karatasi. Mwangi alilijua hilo tangu utotoni. Lakini ili kupita ilibidi amwambie Kipkemoi "nipishe," na neno hilo hakutaka kulisema. Akaamua kuzunguka.

Nilisikia mlio kama wa muwa unaovunjwa. Nikatoka chini ya sinki nikakimbilia sebuleni. Mguu mzima wa kaka yangu ulikuwa unaning'inia kutoka darini, ukipiga mateke hewani. Kiatu kilikuwa kimeshuka na kutua katikati ya sinia la chai. Soksi ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa nje kikitazama mazingira.

Mama Kaur alikuwa kwenye kiti chake. Alifungua mdomo, sauti haikutoka, alicheka mpaka miwani ikamwanguka kifuani.

"Nishike!" Mwangi alipiga kelele. "Nishike, naanguka!"

"Nimekushika," ikasikika sauti ya Kipkemoi kutoka juu.

Baba akapanda kwenye kiti akaushika mguu, akauweka begani mwake. "Usicheze," akamwambia mguu.

Kengele ya mlango ikalia.

"Wacha," Mama Kaur akasema akipangusa machozi. "Ni mtu wa choo."

Nikahesabu watu. Wawili juu, Baba kitini, yeye, mimi. Hakukuwa na mtu chooni.

Nilipofungua mlango alikuwa amesimama mwanamume wa makamo, kilemba cha bluu, sanduku la magurudumu mkononi, uso wa mtu aliyesafiri kwa ndege usiku kucha. "Nimepata ndege ya mapema," alisema kwa Kiswahili kilichokaa muda mrefu bila kutumika. "Mama yangu yuko?"

Ningemwambia nini? Nikampisha. Aliingia sebuleni, akaona mama yake anacheka peke yake, mzee amesimama juu ya kiti cha familia amebeba mguu wa mtu, na vumbi la miaka hamsini likiteremka kama theluji ya kwao. Akasimama hapo hapo. Hakuna aliyepata nafasi ya kumsalimu, kwa sababu huko juu mazungumzo yalikuwa yameanza, na kupitia lile tundu tulisikia kila neno.

"Nivute basi," Mwangi alisema.

"Nitakuvuta. Kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Unajua."

"Kipkemoi, mbao inanikata! Nivute kwanza!"

"Sema kwanza."

Baba alifungua mdomo ili aingilie, nikamwekea kidole. Mguu uliacha kupiga mateke. Kisha sauti ya Mwangi ikaja, si ile ya kujigamba niliyoizoea maisha yangu yote. Ilikuwa ndogo.

"Niliogopa," akasema. "Siku ile vijana walikuwa wamepita wakiuliza ni nani anakaa kwetu. Nikawaza watarudi kukuchukua, nami nitatakiwa nisimame mlangoni. Nikajua sitaweza kusimama. Nikaona ni rahisi kukufukuza kuliko wewe unione nikishindwa." Akapumua. "Wewe si mgeni. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni siku ile. Nisamehe, ndugu yangu."

Mama Kaur alikuwa ameacha kucheka. Baba alikuwa ameinamisha paji la uso kwenye ule mguu. Nilitazama juu lakini machozi na vumbi vilinizuia kuona.

Kipkemoi akasema, "Huo mguu mwingine uweke kwenye mbao. Si hapo. Kushoto. Hapo." Na mguu wa kaka yangu ukapaa taratibu kutoka begani kwa Baba, ukapotea darini, kidole gumba kikiwa cha mwisho. Tulisikia vishindo, kisha kitu kama watu wawili wakipigana makofi ya mgongo mahali pasipo na nafasi ya kukumbatiana.

"Mama," Harjit akasema hatimaye, "hawa ni nani?"

"Ni mafundi yangu," Mama Kaur akajibu, akiokota miwani. "Wanatoka London."

"London gani?"

Na mama yake akaanza kucheka upya.

Hatukumaliza hapo. Harjit alikuwa mtu wa hesabu, si mtu wa kuyumbishwa na kicheko. Alikagua nyumba yote. Aliwasha taa ya choo, kengele ikalia, akaenda mlangoni, hakukuta mtu, akarudi akatutazama. Alisukuma mlango wa nyuma, ukagoma. Mchana tulipoketi kula dengu na chapati, akasema waziwazi, "Mami, tiketi ninayo. Huwezi kukaa hapa. Januari ulikuwa peke yako ndani ya nyumba hii, na mji unaungua. Mimi nilikuwa natazama TV nalia."

"Nani amekuambia nilikuwa peke yangu?" akauliza mama.

Akamwelekezea Baba kidole. Baba akajifanya anatafuta kitu kwenye dengu.

Ndipo tulipojua. Katika zile wiki tulizojifungia ndani, Baba alikuwa akituambia anakwenda kuangalia karakana. Kumbe kila siku ya pili alikuwa akibeba sanduku lake la vyombo, ndani ameficha unga na paketi za maziwa chini ya spana, na kushuka kwa miguu kutoka London hadi Milimani. Alisema mtu mwenye sanduku la spana anapita popote, kwa maana kila upande una bomba linalovuja. Alikuwa akifika, anagonga geti mara tatu, anakunywa chai, anakaza koki ambayo haikulegea, anarudi.

"Mzee," nikamwambia, "mbona hukutuambia?"

"Mngenikataza," akasema. "Halafu nani angekula chapati zake?"

Kipkemoi alimtazama Baba, kisha akamtazama Mwangi. Mwangi hakuinua macho kwenye sahani. Nilielewa anachofikiri: mzee wa miaka sabini alitembea peke yake akipita vizuizi vya vijana, na yeye aliogopa mlango.

Mama Kaur akashika mkono wa mwanawe. "Huko kwako nitakaa kwa kochi nitazame mafundi kwa TV," akasema. "Hapa wananiangukia wenyewe. Wewe ni mtoto mzuri, Harjit. Lakini usinihamishe kama kabati."

Yule mwanamume alisimama, akaenda chooni. Kengele ikalia. Alikaa huko muda mrefu, na kengele ikaendelea kulia, na hakuna aliyethubutu kucheka, maana tulijua alichokwenda kufanya. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akamwambia Mwangi, "Hiyo kengele, tafadhali, itengeneze." Kisha akavua koti lake, akakunja mikono ya shati, akauliza ngazi iko wapi.

Alikaa wiki tatu. Akashika ngazi, akabeba mchanga, akajifunza kuchanganya saruji, na siku moja akaunganisha bomba mwenyewe baada ya kulishika kwa kiganja akihesabu kwa Kipunjabi. Dari likapanda, likanyooka. Alibadilisha tiketi ya mama yake ikawa ya kwenda na kurudi: miezi miwili huko kila mwaka wakati wa joto lao, halafu Milimani. Mama Kaur aliishi hivyo miaka sita mingine, akafariki kwenye kitanda chake, chini ya paa ambalo halikuvuja hata tone. Hilo naweza kuapa.

Ila ile Ijumaa haikuishia Milimani. Jumapili iliyofuata Mwangi alivaa suti, akamwambia Kipkemoi, "Nipeleke kwa mama yako." Tulikwenda wote watatu. Njia nzima kaka yangu alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba, midomo ikicheza bila sauti.

Mama mkwe wangu alikuwa akichambua mboga nje ya jikoni. Ni mama mrefu, hasemi sana, Kipkemoi alimrithi. Alimtazama Mwangi tangu viatu hadi tai. Mwangi akafungua mdomo aanze hotuba.

"Karibu," mama akamkatiza. "Mlango wa jikoni unaburuta."

Mwangi akatutazama. Yeye ni fundi wa stima, na kazi ya mlango haijui hata kidogo. Lakini alivua koti, akautoa ule mlango kwenye bawaba zake, akaulaza kwenye majani, akachukua randa, akaanza. Ilikuwa aibu ya kutazama. Alikwangua upande usiofaa. Aliurudisha, ukaburuta, akautoa tena. Mume wangu, seremala bora niliyewahi kumjua, alikaa kwenye kigoda na kikombe cha chai mkononi, na mchana kutwa hakusema hata kipimo kimoja. Jua lilipoanza kuteremka, Mwangi akaurudisha mara ya mwisho, jasho limelowanisha shati lake jeupe, akausukuma. Ukaburuta vilevile, labda zaidi kidogo.

Mama mkwe akaufungua, akaufunga, akasikiliza. "Unatosha," akasema, na akamletea maziwa ya kibuyu.

Nyumba ile imejengwa upya tangu hapo, kwa mawe, na Kipkemoi amebadilisha kila mlango isipokuwa huo. Mama hataki uguswe. Asubuhi akiufungua kwenda kuwasha moto, ukikwaruza sakafu kwa ule mlio wake mbaya, wajukuu wanaolala chumba cha pili humsikia akisema peke yake, "Mwangi ameamka."